Sentimita Kumi na Nusu

"Funga mlango," alisema Daktari. Hakusema karibu, hakuuliza habari za nyumbani, wala hakuinuka.

Fundi aliusukuma mlango kwa bega la kulia. Mkono wa upande huo ulikuwa hauna kazi tangu kioo cha mlango wa duka lake kilipomwangukia na kumkata chini kidogo ya kiwiko. Fundi si jina alilopewa na wazazi. Wateja ndio waliomwita hivyo kwa sababu ya magauni yake, majirani wakalidaka, na mwisho hata dada yake wa tumbo moja akalisahau lile la kuzaliwa. Na leo Fundi alikuwa amependeza, jamani. Alivaa blauzi aliyoishona kwa mkono wa kushoto kwa wiki tatu, kola yake imepinda kidogo, na hakuona haya kuivaa, kwa sababu leo ilikuwa siku yake.

Miezi miwili nyuma, pale kwenye ngazi za hospitali, mwanaume huyu huyu alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwezi wa saba wa sindano zako ukiisha hutakuwa mgonjwa wangu tena. Hapo nitakuja kwenu, nitabisha hodi mlango wa mbele, niongee na dada yako kama watu." Fundi aliyahesabu majuma kama mfungwa anayehesabu siku za kutoka. Dada mwenyewe alikuwa hapo nje kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, amenuna, maana alikuja kwa kubembelezwa.

"Kaa," alisema Daktari.

"Nani amekuudhi asubuhi yote hii?"

"Nimesema kaa, Fundi."

Alipanda kitanda cha kupimia, na ile karatasi ya kutandikia ikachakarika chini yake. Chumba namba nne alikuwa anakijua kuliko chumba chake cha kulala: friji ndogo ya dawa yenye kipimajoto mlangoni, kabati la mafaili lenye droo moja isiyofunga vizuri, kalamu ya bluu ya kuchorea ngozi ndani ya kikombe. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa uso wa mwanaume.

"Jana ulipimwa umeme kule chini," alisema.

"Ndiyo. Yule mama wa mashine amenichoma visindano mpaka nikamhurumia yeye. Kila dakika ananiambia nilegeze mkono. Mkono wenyewe umelegea tangu mwaka jana."

Siku nyingine angecheka. Alikuwa na kicheko cha kujizuia, kinachoanzia mabegani, na Fundi alikuwa tayari kusema upuuzi wa kila aina ili akione. Leo mabega hayakutikisika. Daktari aliigeuza karatasi ndefu iliyokuwa mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii ni misuli ya juu, karibu na kovu lako. Unaona inavyopanda na kushuka? Imeanza kuamka. Hii hapa ni ya katikati ya mkono." Kidole chake kikafuata mstari ulionyooka kama ubao. "Imelala. Hii nyingine imelala. Mshipa wa fahamu haujafika huko. Haujakaribia hata kidogo."

Alisimama, akaushika mkono wa Fundi, akaugeuza tumbo juu. Kwa miezi saba mshiko huo ulimfanya Fundi ameze mate. Leo ulikuwa mshiko wa mtu anayekagua mzigo.

Juu ya ngozi, kuanzia kovu kuelekea kiganjani, kulikuwa na nukta sita za bluu. Kila mwezi nukta moja. Kila zilipoanza kufifia kwa maji ya kuoga, Fundi mwenyewe alizikoleza nyumbani.

"Mwezi wa sita uliniambia unasikia hapa," alisema Daktari, akagusa nukta ya mwisho. "Sentimita kumi na tisa kutoka kwenye kovu. Mshipa ukifika hapa, misuli uliyoipita njiani lazima iwe imeanza kuitika. Mashine inasema haijaitika. Sasa nani mwongo, mashine au wewe?"

Fundi alitazama friji.

Kwa asiyejua mambo haya: mshipa wa fahamu ukikatwa, hata ukishonwa vizuri namna gani, nyuzi zake za ndani haziungi siku hiyo. Upande wa mbele hufa, na ule wa nyuma huanza safari upya, milimita moja kwa siku ukibahatika. Njiani unataka kulishwa. Mwili unazo protini zake za kazi hiyo, wataalamu huziita vichochezi vya ukuaji, ila huzimwaga kwa wingi mwanzoni, halafu huchoka kabla safari haijaisha. Daktari alikuwa amekula miaka sita akitafuta namna ya kuviongeza kwa sindano, kando ya njia ya mshipa, ili usilale njiani. Alikuwa na wagonjwa arobaini. Nusu yao walipata dawa, nusu walipata maji ya chumvi, na yupi anapata nini hakujua mgonjwa wala yeye, mpaka siku ya kufunguliwa bahasha.

Na namna ya kujua mshipa umefika wapi ilikuwa rahisi mno. Mgonjwa anafumba macho. Daktari anamgonga kwa ncha ya kidole, akianzia kiganjani na kupanda taratibu kuelekea kwenye kovu. Pale kidole kinapokuta ncha ya mshipa unaoota, mgonjwa husikia ganzi ya kuchomachoma mpaka vidoleni, na anasema "hapo". Basi. Kazi ya miaka sita ilining'inia kwenye neno moja la mgonjwa.

"Fundi, nakuuliza."

"Nasikia unaniuliza."

"Ulikuwa unasikia, au ulikuwa husikii?"

"Mwezi wa kwanza nilisikia," alisema. "Na wa pili."

"Na wa tatu?"

Hapo ndipo palipokuwa na mkosi wote. Mwezi wa tatu Fundi alimkuta Daktari ameketi na kichwa mikononi. Seremala mmoja alikuwa amejitoa kwenye utafiti, wakubwa wanauliza kama ufungwe, na mwanaume hajala tangu asubuhi. Fundi alifumba macho kama alivyoagizwa, lakini si kabisa. Aliacha upenyo mdogo chini ya kope, mwizi wa kutazama. Aliuona uso ule uliochoka ukiinama juu ya mkono wake, karibu kabisa. Kidole kikawa kinapanda, kinagonga, kinapanda. Akasema "hapo" mapema, kabla hajasikia chochote. Na uso ule ukafunguka. Mungu wangu, ulivyofunguka. Mtu angeiba benki kwa ajili ya uso ule.

"Wa tatu nilisema tu," alijibu.

"Ulisema tu."

"Ulikuwa na huzuni."

Daktari aliuachia mkono wake. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Nilikuwa na huzuni," alirudia. "Kwa hiyo ukaamua kunichekesha. Na wa nne? Na wa tano? Na wa sita, nilipoandika ripoti kwa wakubwa kwamba mgonjwa namba kumi na saba anakwenda vizuri kuliko wote?"

"Ningerudije nyuma? Ningesema mshipa umepiga reverse?"

"Usinifanyie utani."

"Sifanyi utani. Naogopa, ndiyo maana naongea hivi, na wewe unanijua."

"Sikujui," alisema. "Nilidhani nakujua."

Alivuta droo isiyofunga, akatoa futi ya kupimia, ile ya mafundi cherehani, ya njano, imezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Fundi aliitambua kutoka mbali. Ilikuwa yake. Siku ya kwanza kabisa aliyokuja, Daktari alimpima kwa futi ya plastiki ya hospitali, naye Fundi akainyang'anya, akailinganisha na ya kwake, akamwambia futi yako imevutika, Daktari, inakudanganya nusu sentimita, tupa huko. Akamwachia ya kwake. Hivyo ndivyo walivyoanza kuzungumza.

"Wewe," alisema Daktari, na sauti yake ilikuwa imepanda, "wewe uliyenigombeza kwa nusu sentimita. Unayefumua mshono mzima kwa sababu ya upana wa uzi. Umenidanganya mkono mzima huu. Unajua umefanya nini? Kuna watu thelathini na tisa wengine. Wapo watakaochomwa dawa hii miaka ijayo kwa sababu ya nukta zako. Na wewe mwenyewe! Ungesema kweli mwezi wa nne, ningekupeleka kwa mpasuaji siku ile ile. Angefungua, akakata pale palipoota kovu, akaunga kwa kipande cha mshipa wa mguuni. Mwezi wa nne. Leo ni wa saba. Misuli ya dole gumba haingoji milele, Fundi. Ikikaa mwaka na nusu bila mshipa, inageuka nyuzi tupu. Haiamki tena hata uipe nini."

Fundi alilitazama dole gumba lake. Juma lililopita alilichoma kwa pasi na hakujua mpaka aliposikia harufu.

"Mbona hukuniambia hivyo mwezi wa tatu?"

"Ningekuambia kwa nini, na ulikuwa unapona!"

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Dada alikuwa mwanamke mfupi, karani wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kumpigia kelele mdogo wake akamaliza sentensi ya pili.

"Korido nzima inawasikia," alisema. "Huyu ndiye aliyesema atabisha hodi mlango wa mbele?"

"Dada, tuache," alisema Fundi.

"Siwaachi. Toka mwanzo nilikuambia. Mwanaume anayekushika mkono kwa sababu ni kazi yake kuushika, utajuaje siku anapokushika kwa sababu nyingine? Hukunisikia. Ukaona dada ana wivu, dada hajaolewa, dada ana roho mbaya."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema kwa macho." Alimgeukia Daktari. "Na wewe. Mdogo wangu ni panya wako wa majaribio, halafu unamfokea panya?"

"Mdogo wako amenidanganya miezi minne," alisema Daktari. "Amejidanganya na yeye."

"Nimesikia. Nimesikia yote, mlango wenyewe huu." Dada akafungua mkoba, akatoa ile kadi ya mahudhurio ya Fundi, ya kijani, iliyowekwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ni yeye aliyekuwa akiitunza, kama alivyotunza vyeti vya familia nzima. "Mimi si mtaalamu wa mishipa. Mimi nasoma karatasi. Nikae nje saa nzima bila kusoma? Hapa kuna safu ya sindano, imejaa. Hapa kuna safu ya kipimo cha kugonga, imejaa. Na hapa kuna safu ya kipimo cha umeme. Imeandikwa: mwezi wa kwanza, wa nne, wa saba. Wa kwanza kuna sahihi. Wa saba kuna sahihi ya jana." Aliigeuza kadi imtazame Daktari. "Wa nne uko wapi?"

Friji iliguruma, ikanyamaza.

"Nakuuliza kwa adabu, Daktari. Wa nne uko wapi?"

"Mashine ilikuwa mbovu juma lile," alisema.

"Na juma lililofuata?"

"Ilikuwa imetengenezwa."

"Na ukampeleka?"

Fundi alikuwa anamtazama yeye tu. Alikuwa amejifunza uso ule kwa miezi saba, minne kati yake kupitia upenyo wa kope, alijua kila mkunjo wake. Akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona hapo, na alikitambua mara moja kwa sababu alikuwa nacho yeye mwenyewe kila mwezi tangu wa tatu. Ilikuwa hofu ya mtu asiyetaka kuulizwa.

"Ulijua," alisema polepole.

"Sikujua."

"Ulihisi."

Daktari alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu. "Ilikuwa inakwenda kasi kuliko kawaida," alisema. "Mwezi wa tatu na wa nne, milimita moja na nusu kwa siku. Hakuna mgonjwa mwingine aliyekuwa hivyo. Nilijiambia labda ni dawa. Nilijiambia labda wewe una bahati." Alisukuma karatasi ya mashine pembeni. "Nikasema nisubiri kidogo kabla ya kupima. Nilitaka iwe kweli kwanza."

"Kumbe," alisema Fundi. Alishuka kitandani, karatasi ikashuka naye. Sasa hasira ilikuwa imempanda yeye, moto kutoka miguuni. "Kumbe. Umenisimamisha hapa, umenisomea mashitaka kama jambazi, umenitajia watu thelathini na tisa, na wewe ulikuwa unajua mahali pa kutazama na ukafumba macho. Mimi angalau niliacha upenyo. Wewe ulifumba yote mawili."

"Si sawa sawa."

"Si sawa, ndiyo. Mimi ni fundi wa magauni. Wewe ndiye daktari. Mimi nilidanganya kwa sababu nakupenda, mjinga mkubwa mimi. Wewe ulidanganywa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hiyo hiyo," alisema Daktari, na ilimtoka kwa ukali, kama tusi.

Dada alijikohoza, akatazama dirishani. Siku nyingine neno lile lingemfanya Fundi alie kwa furaha. Alikuwa amelisubiri katika blauzi ya wiki tatu. Sasa lilikuja limevaa nguo mbaya, mbele ya dada, juu ya mkono uliokufa, na hakujua alipokee kwa uso gani.

"Usiniambie hilo leo," alisema. "Leo siliamini."

"Na mimi silisemi tena. Kila ulichoniambia unasikia, ulikuwa husikii. Nitajuaje hili la kupenda nalo si la kunichekesha?"

"Huwezi kujua."

"Basi."

"Basi."

Dada alifungua mdomo, akaona heri aufunge. Halafu Fundi alipanda tena kitandani, akaulaza mkono wake juu ya mto mdogo wa kupimia.

"Gonga," alisema.

"Kwa nini?"

"Huyo mpasuaji atataka kujua kweli iko wapi. Gonga. Dada, njoo unizibe macho, na usiniachie hata uzi wa mwanga."

Dada alikuja nyuma yake, akamfunika macho kwa viganja viwili vilivyonukia karatasi na wino wa mihuri. Giza likawa giza kweli. Fundi alisikia kiti cha magurudumu kikisogea. Akasikia pumzi ya mwanaume, karibu, na hakuona chochote.

Kidole kilianza. Alijua tu kimeanza kwa mlio mdogo kwenye ngozi, kwa sababu mkono haukumwambia chochote. Alingoja. Kila mwezi alikuwa amesema hapo katika sehemu hii, na neno lilimjia mdomoni lenyewe, limezoea njia. Akaliuma.

"Nimepita mwezi wa sita," alisema Daktari.

Fundi alinyamaza.

"Nimepita wa tano."

Viganja vya dada vilianza kuloa, kumbe ni machozi. Fundi hakujua yameanza saa ngapi. Alitaka kusema hapo, Mungu anajua alivyotaka, aseme tu watu hawa wawili wafurahi, wote warudi walivyokuwa jana. Ilikuwa rahisi kuliko kukata uzi.

"Nimepita wa nne," alisema Daktari, na sauti yake haikuwa na ukali tena, wala haikuwa na upole. Ilikuwa imechoka. "Fundi."

"Endelea."

"Nimefika wa tatu."

"Endelea, nimekwambia."

Kidole kikagonga, kikapanda, kikagonga. Kisha kitu kikamchoma mpaka ncha ya kidole cha kati, kikali, kama mguu uliolaliwa unapoamka.

"Hapo," alisema. "Hapo. Hicho."

Kidole hakikuondoka. "Una uhakika?"

"Gonga tena." Akagonga. "Hapo hapo. Usisogeze."

Dada alimwachia macho. Fundi aliutazama uso wa Daktari kwanza, tabia haiachwi kwa siku moja. Haukufunguka. Ulikuwa umekunjamana, na mwenyewe hakujaribu kuuficha. Lakini Fundi hakulirudisha neno lake.

"Pima," alisema. "Kwa futi yangu."

Alipima kutoka kwenye kovu. "Sentimita nane."

"Umeilegeza. Ivute."

Aliivuta. "Nane na nusu."

"Andika nane na nusu."

Aliandika. Kisha alichukua pamba yenye spiriti, akaufuta mwezi wa sita, wa tano, wa nne na wa tatu, akisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kwenye nane na nusu aliweka nukta mpya. Halafu alivuta karatasi yenye kichwa cha hospitali, akaanza kuandika barua kwa mpasuaji, na Fundi, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake, akaisoma ikitoka. Mstari wa kwanza haukusema mgonjwa alidanganya. Ulisema kipimo cha umeme cha mwezi wa nne hakikufanywa, na kosa hilo ni la mtafiti. La mgonjwa lilikuja mstari wa tatu, bila chumvi: sentimita kumi na nusu za uongo.

"Watakufukuza?" aliuliza.

"Nakala inakwenda kwa wakubwa. Wataamua wao."

"Na mimi nilikuwa napata dawa au maji ya chumvi?"

"Sijui. Bahasha haijafunguliwa." Alitia sahihi. "Nane na nusu kwa miezi saba. Inaweza kuwa lolote kati ya hayo."

Fundi alipokea barua kwa mkono wa kushoto. "Nipe futi yangu," alisema.

Daktari aliitazama. Aliizungusha taratibu, akaifunga kwa uzi wake ule ule, fundo alilofundishwa na mwenye nayo, akamkabidhi. Vidole vyao havikugusana. Dada alikuwa ameshafungua mlango.

"Kuhusu kuja kwenu," alianza Daktari.

"Usije," alisema Fundi.

Kesho yake saa tatu asubuhi walikuwa ghorofa ya kwanza, mbele ya meza ya mpasuaji. Hospitali nzima ilimwita Mama Kisu, na yeye alilijua jina hilo na kulipenda. Aliusoma mkono, akaisoma barua, akaisoma tena ile mistari ya juu.

"Nafasi ipo," alisema. "Si kubwa. Ungekuja mwezi wa nne ningekuambia kubwa. Nitachukua kipande cha mshipa mguuni, na ukingo wa wayo utabaki na ganzi maisha yako yote. Dole gumba likiitika, utashika sindano. Lisipoitika, usije kunilaumu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Sawa. Fomu." Alikuwa anajaza mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa. "Unatumia dawa yoyote? Hapana. Kuna dawa inayokudhuru? Hapana. Mtu wa kuitwa kama kuna tatizo?"

"Mimi," alisema dada, akajitaja, akataja na simu.

"Uhusiano, dada. Wa pili?"

"Hakuna wa pili," alisema dada.

Fundi alikuwa anaviringisha futi ya njano kwa mkono wa kushoto. Lile fundo lilikuwa limefungwa vizuri, uzi haukulegea hata alipouvuta.

"Yupo," alisema. "Andika Daktari wa chumba namba nne, ghorofa ya pili."

"Wewe mtoto," alisema dada.

"Dada, ni fomu yangu."

Mama Kisu aliinua macho juu ya miwani. "Huyu aliyejiandikia mashitaka mwenyewe? Akiitwa atakuja?"

"Sijui."

"Uhusiano?"

Fundi alifikiri. Yalimjia majibu mawili matatu ambayo yangempendeza mama yule, na mengine ambayo yangempendeza dada.

"Tumegombana," alisema.

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Dada alishusha pumzi ndefu, akaangalia dari.

"Niandike hivyo?" aliuliza Mama Kisu.

"Andika hivyo hivyo."

Mama Kisu akainama, akaandika.